Kiambishi au Urithi? Historia ya Istilahi Moja ya Kompyuta kwa Mifano ya Pemba

Dhana nyingi za kompyuta hutufikia zikiwa zimekwisha kupewa majina ya kigeni, nasi huyafasiri majina hayo bila ya kuuliza yametoka wapi. Makala haya yamekusudiwa kueleza historia ya jina moja, yaani 'urithi' katika utungaji wa programu, na kuonyesha kwamba jina la kwanza la dhana hiyo lilikuwa karibu zaidi na Kiswahili.

Kwanza tuitazame haja yenyewe. Tuchukulie kwamba afisi moja ya bandarini Mkoani, Pemba, yataka programu ya daftari la vyombo: majahazi, mashua na ngalawa. Kila chombo kina jina, nahodha na shehena. Ngalawa peke yake ina matengo. Mtungaji akiandika maagizo ya kukadiria ushuru mara tatu, mara moja kwa kila aina ya chombo, daftari litafanya kazi vizuri siku ya kwanza. Taabu huja pale kiwango cha ushuru kinapobadilishwa. Akisahihisha kwenye jahazi na mashua, akaisahau ngalawa, mwenye ngalawa atatozwa kwa kiwango cha zamani, na hapana atakayetambua mpaka mtu alalamike. Nakala ya pili ya agizo si akiba, bali ni mahali pa pili pa kukosea.

Jambo hili liliwashughulisha wataalamu wawili wa Norwei, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, katika Kituo cha Kompyuta cha nchi hiyo mjini Oslo. Mmojawapo wa mifano waliyoichunguza ulikuwa daraja lenye kituo cha ushuru, na foleni ya malori na mabasi. Waliona kwamba lori na basi, ingawa ni vitu mbalimbali, vina sifa nyingi za pamoja, na kwamba haifai kuziandika sifa hizo mara mbili. Mwishoni mwa 1966 na mwanzoni mwa 1967 walipata suluhisho, nalo wakalieleza katika mkutano uliofanyika Lysebu, Oslo, Mei 1967. Sifa za pamoja ziliandikwa mara moja katika ngeli moja. Kisha jina la ngeli hiyo likatangulizwa mbele ya kila ngeli mpya iliyozihitaji. Katika lugha yao ya Simula 67, jina lililotangulizwa hivyo liliitwa kiambishi awali.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana kazi ya kiambishi. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu, na kipilefti likatoka katika Kiingereza cha barabarani. Lakini yalipohesabiwa kuwa na kiambishi ki-, yote mawili yalipata papo hapo wingi wa vi- na upatanisho wake wote, pasipo mtu kuyatungia kanuni mpya. Vivyo hivyo, katika lahaja za Pemba husikika ntu na ntoto. Asemaye hivyo hakujifunza badiliko hilo neno kwa neno. Kanuni ni moja ya kiambishi, na maneno huifuata.

Lugha za kompyuta zilizofuata ziliichukua dhana hiyo, lakini jina lililoenea likawa urithi. Hapa mfasiri hana budi kuwa na hadhari. Katika mirathi kama ijulikanavyo kwa makadhi wetu, mwenye mali hufariki kwanza, ndipo mali igawanywe: mjane hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na mtoto wa kiume hupata sehemu mbili za mtoto wa kike. Shamba la mikarafuu likisharithiwa, kila mmoja ana fungu lake. Katika programu mambo ni kinyume. Ngeli ya juu haifi, hakuna kinachogawanywa, kila ngeli ya chini hupata sifa zote, na sahihisho lifanywalo juu huzifikia zote za chini. Mwanafunzi wa Wete au Chake Chake anayeambiwa 'urithi' bila ya maelezo ataielewa dhana hii kinyume.

Zaidi ya hayo, si kila kinachoshirikiwa chafaa kuwekwa juu. Baadhi ya mashua na ngalawa hufungwa mashine, na nyingine hazina. Mashine si aina ya chombo. Ni kitu ambacho chombo kinacho. Kitabu mashuhuri cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, kilichotoka 1994, kiliwausia watungaji wapendelee kuunganisha vitu kuliko kurithisha. Kiswahili hulipambanua jambo hili kwa maneno mafupi kabisa: ngalawa ni chombo, ngalawa ina mashine.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, neno ngeli, lenye asili ya Kihaya na maana ya aina, litumiwe badala ya darasa, ambalo humpeleka msomaji shuleni. Pili, kwa kuwa urithi umekwisha kuenea, uachwe, lakini ufafanuzi wake uanzie kwenye kiambishi.

Mapendekezo hayo yapitie mahali pamoja. Kifaa kimoja tayari kimeitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kila afisi ikitunga istilahi zake, maana itasahihishwa huku na kusahauliwa kule, na hasara itamwangukia mwalimu mwenye vitabu viwili visivyopatana mbele ya wanafunzi wake.