Hesabu ya 60 juu ya mfupa wa Ishango

Pale Kituku, mjini Goma, sambaza hazihesabiwi moja moja, zinapimwa kwa beseni. Lakini samaki wakubwa wanahesabiwa, tena kwa sauti, maana wavuvi wanagawana na mwenye mtumbwi. Wakatekista tuliotembea nao huko walituuliza: watu wa kale wa inchi hii walijua kuhesabu mpaka wapi? Tuliwajibu kwa habari ya mfupa mmoja.

Mfupa huo ulitoka katika Kivu ya Kaskazini hii hii, lakini kwenye ziwa lingine: Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Eduardi kwenda kuongeza maji ya Nili. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, Mbelgiji mjuzi wa mawe na udongo, alichimba pale. Akapata vyusa vya mifupa vya wavuvi, na kipande cha mfupa chenye urefu wa santimetri 10 hivi, kimetiwa jiwe dogo la kwarzi kwenye ncha. Leo wataalamu wanakadiria umri wake kuwa miaka kama 20.000. Hatusemi kwamba wavuvi wale walikuwa babu zetu kwa damu. Mfupa wenyewe uko Bruxelles, katika makumbusho.

Mikato yake imepangwa katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ujumlishe: kila safu inatoa 60. Kwa mtu anayehesabu kwa mwili wake, 60 ni namba kubwa: ni vidole vyote, vya mikono na vya miguu, vya watu watatu. Tena utazame vizuri: 11 na 19 ni 30, 13 na 17 ni 30, katika safu ya pili, 11 na 19 ni 30, 21 na 9 ni 30.

Katika andiko lake la mwaka 1962, de Heinzelin alionyesha kwamba 11, 13, 17 na 19 ndizo namba zote kati ya 10 na 20 zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hapo sisi tunasita. Mtu aliyekata mikato 13 hajatuonyesha bado kwamba alijaribu kuigawanya. Mwaka 1972 Alexander Marshack alidhani ni hesabu ya mwezi wa angani. Wazo hilo linawafaa wavuvi. Lakini miezi miwili ni siku 59, wala si 60.

Kilicho hakika ni tabia ya 60 yenyewe. Ndiyo namba ndogo kupita zote inayogawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 pasipo kubaki kitu. Samaki 60 wakifika Kituku, watu wawili mpaka sita watagawana bila ugomvi. Wakiwa saba, samaki wanne wanabaki na maneno yanaanza. Watu wa Babeli walijenga hesabu yao juu ya 60, na ndiyo asili ya dakika 60 za saa zetu. Kwamba waliipata Ishango, hakuna aliyelithibitisha, na mwalimu asilifundishe.

Inabaki safu ya tatu, yenye mikato 48. Tuliichora kwa makaa juu ya ubao. Mvuvi mmoja mzee akatazama 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, akasema: «Huyu alikuwa anagawa nusu kwa nusu.» Kisha akafika kwenye 5 na 7, akanyamaza.