Kwenda Idjwi na Kurudi

Jumatatu ya Pasaka watu wa Bukavu hawakai nyumbani. Ndivyo tulivyoona tangu utoto wetu. Sikukuu imekwisha kanisani, mama ameamka usiku kusonga bugali na kuufunga katika majani ya mgomba, sombe imo katika sufuria ndogo yenye kifuniko, baba anahesabu franga zake mara ya tatu, nao watoto hawakulala hata kidogo. Kisha wote wanashuka bandarini. Wengine huzunguka tu penye rasi za mji na kurudi kabla ya jua kuwa kali. Wengine huenda kisiwa cha Ibinja. Lakini mwenye siku nzima na nauli ya kutosha, huyo huenda Idjwi.

Vijana wetu wanajua sana kupanda boti na kupigana picha. Ukiwauliza kisiwa kile kiliingiaje katika nchi yetu, au zamani ni nani aliyepata nafasi ya kutembea ziwani kwa furaha tu, wanacheka. Basi tuandike.

Ziwa la Kivu liko juu sana, mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na kina chake kinapita mita 470. Halina mamba wala viboko. Ndiyo sababu mgeni akiliona anadhani ni ziwa la upole. Katikati yake kimelala kisiwa cha Idjwi, kirefu kama kilometa 40, chenye milima, mashamba ya ndizi, muhogo, mananasi na kahawa, na watu zaidi ya 200,000. Si kisiwa cha mchanga na mitende kama vile vya picha. Ni kama kipande cha mlima wetu kilichokatwa na kuwekwa majini. Wenyeji ni Bahavu pamoja na Bambuti, na wapo wengine ambao mababu zao walivuka kutoka ng'ambo zote mbili, maana maji yale hayakuwa mpaka. Yalikuwa njia.

Mtaalamu mmoja Mmarekani, David Newbury, alikaa kisiwani miaka ya 1970 akiwasikiliza wazee, na mwaka 1991 alitoa kitabu kikubwa juu ya ukoo na ufalme wa Idjwi. Twamshukuru kwa kazi ile, ingawa twasikitika kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza na wazee waliomsimulia hawakuweza kukisoma. Wazee wale walikumbuka vema vita vya Kigeli Rwabugiri, mwami wa Rwanda, aliyevuka ziwa na majeshi yake kumshambulia mwami Kabego wa Idjwi. Kabego aliuawa. Rwabugiri akakitawala kisiwa, akajijengea makao huko. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili: jeshi la watu wa nchi kavu, wachungaji wa ng'ombe, likivushwa katika mitumbwi iliyochimbwa katika mti mmoja mmoja! Bila shaka askari wengi walishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili kama sisi tunavyofanya leo. Rwabugiri naye, mapokeo yasema, alifia katika mtumbwi juu ya ziwa hilihili mwaka 1895, akiwa safarini kupigana na Bashi. Baada yake watu wa kisiwa wakajitawala tena.

Mwaka mmoja kabla ya kifo hicho alikuwa amepita Mdachi, Graf von Götzen, aliyetoka pwani ya mashariki pamoja na wapagazi wake, akaonana na Rwabugiri, akapanda mlima wa Nyiragongo, akafika ziwani, kisha akaendelea na safari mpaka upande wa magharibi wa Afrika. Hapo shauri la mipaka likaanza. Wadachi wakasema ziwa ni lao, Wabelgiji wakasema ni letu, na katika ramani za Ulaya mstari ulikuwa umepigwa na watu ambao hawajaona hata tone la maji yake. Mwezi wa Mei 1910, mjini Brussels, mashauri yalikwisha: Idjwi iwe upande wa Kongo. Hakuna mtu wa Idjwi aliyeulizwa. Tangu siku ile mtu wa kisiwa aliyevuka kwenda kwa shemeji yake Rwanda alikuwa amekwenda nchi ya kigeni, naye hakujua.

Miaka minne tu ikapita. Vita kuu ilipoanza, Wadachi walivuka mwezi wa Septemba 1914 na kukiteka kisiwa. Wabelgiji walikirudisha mwaka 1916 walipoingia Rwanda. Hivyo safari za kwenda Idjwi, kwa muda mrefu, zilikuwa safari za bunduki.

Safari za raha zilikuja baadaye, lakini hazikuwa za wote. Wakati wa Wabelgiji mji wetu uliitwa Costermansville, na ukasifiwa Ulaya kwa hewa yake na uzuri wake. Penye rasi zake zilijengwa nyumba za Wazungu zenye bustani hadi majini. Siku ya Dominika mashua zao za tanga zilionekana toka mbali, nyeupe, zikielekea visiwani na vikapu vya chakula. Wazee wetu wa Kadutu na wa Bagira waliziona vizuri kabisa kutoka mlimani. Waliposhuka ziwani, walishuka kwa kazi: kupakia mizigo, kufua nguo, kuvuta makasia ya mtu mwingine. Babu yetu mmoja alivuka ziwa mara nyingi kuliko sisi sote tukijumlishwa, wala hakufanya hata matembezi mamoja. Tulipomwalika siku moja kwenda kisiwani «kutembea tu», aliuliza, «Kubeba nini?»

Lazima tuseme pia kwamba upande wa misioni mlango ulifunguka mapema kidogo. Mapadri Weupe na makatekista walivuka kwa mtumbwi kwenda kuwatazama Wakristo, na vijana wa kuimba au wa kutumikia Misa walipewa nafasi ya kufuatana nao. Mwaka 1952 Padri Georges Defour alianzisha huku Kivu chama cha Xaveri, nacho kiliwazoeza wavulana, kisha wasichana, kwenda kambi, kupika wenyewe, kuimba usiku penye moto. Wazazi wengine walinung'unika: mtoto ana kazi shambani, nanyi mnampeleka kulala nje kama mkimbizi? Lakini vijana wale ndio waliokuja kuwa baba na mama, na walipopata watoto wakawapeleka ziwani Jumatatu ya Pasaka. Sisi twaamini kwamba desturi yetu imeanzia hapo zaidi kuliko kwa mashua nyeupe.

Jambo lingine lililogeuza safari ni samaki. Zamani ziwa letu lilikuwa na samaki wachache. Karibu na mwaka 1959 samaki wadogo walitolewa katika Ziwa la Tanganyika na kumwagwa humu, wakazaa sana. Hao ndio sambaza. Leo ukirudi kisiwani jioni utakutana na wavuvi wakienda kazini, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu kama pembe, taa zimetundikwa, na watu wanavuta makasia kwa wimbo. Usiku ziwa laonekana kama mji wa pili. Watoto wetu huacha hata kulia wanapoona taa zile. Na nani awezaye kusema Idjwi bila sambaza za kukaanga kwa pilipili? Ananasi la kisiwani hufuata, na wazee huonjeshwa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kwa kiasi, wasemavyo wenyewe.

Wenzetu wa Goma wana matembezi yao pia, penye kisiwa cha Tchegera ambacho ni mdomo wa volkano ya kale, umbo lake kama mwezi mchanga. Lakini huko lipo jambo la kuogopesha ambalo wageni hawalijui: mazuku. Ni hewa mbaya itokayo chini ya ardhi ya volkano, nzito kuliko hewa yetu, isiyoonekana wala kunuka. Hulala mabondeni na katika mashimo karibu na pwani, hasa usiku na asubuhi. Mtu mzima aliyesimama hasikii kitu, na mtoto aliyelala chini anakufa. Kwa hiyo wenyeji hawatandiki mkeka mahali penye bondo, hata kama pana kivuli kizuri.

Miaka ya vita hatutaiandika kwa urefu. Kila nyumba inayo habari yake. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka ziwa kwa maelfu, na wengi walipokewa Idjwi. Katika vita vilivyofuata, watu wa bara walikionea kisiwa wivu kwa sababu risasi zilisikika kule kidogo kuliko kwetu. Hata hivyo umaskini haukuhitaji risasi: wanaume wengi wa kisiwa walivusha kahawa yao usiku kwenda kuiuza Rwanda, katika mitumbwi iliyojaa, bila taa ili wasionekane, na wengi hawakurudi. Wajane wao wapo. Mwaka 2025 M23 iliingia Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, na safari za meli zikasimama kwa muda. Pasaka ile, katika nyumba yetu, hakuna aliyetaja matembezi.

Lakini sasa tufike penye neno lililotufanya tushike kalamu. Ziwa lisilo na mamba linaua watu, nalo linaua kwa sababu ya mizigo yetu na haraka yetu. Mwezi wa Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, na watu zaidi ya 100 walitajwa kuwa hawaonekani. Rais Félix Tshisekedi alifika, akaagiza kwamba kila abiria avae jile ya kuokolea. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti nyingine iliyotoka upande wa Minova ilipinduka karibu sana na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama toka pwani. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo wote waliingia majini: wauza mboga, mama wenye watoto, wanafunzi. Ilichukua watu kupita kiasi. Agizo la jile lilikuwa na miaka mitano.

Nasi tuseme ya kwetu, maana si vizuri kuwahukumu wengine tu. Jumatatu moja ya Pasaka, kabla ya ajali hizo, tulishuka bandarini watu kumi na mmoja, watoto sita. Nauli tulikwisha kulipa. Boti ilikuwa imejaa, na bado mwenyewe aliita watu, akipanga magunia ya simenti chini ya miguu ya abiria. Mama aliuliza jile ziko wapi. Mwenye boti akacheka, akasema ziko ghalani, zisilowane. Watu wengi walicheka pamoja naye, hata sisi wengine. Mama hakucheka. Aliwahesabu watoto kwa kugusa vichwa vyao, mmoja mmoja, kisha akasema, «Shukeni.» Baba alimnong'oneza kwamba fedha haitarudishwa. Naye akajibu, «Baba Fulani, sisi ni watu wa mlima. Nani kati yetu ajuaye kuogelea?» Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna aliyejua.

Tulishuka. Fedha haikurudishwa. Watoto walilia kwa sauti, jirani mmoja aliyekaa ndani ya boti akatupungia mkono kwa dhihaka, na bugali wetu tuliula penye mawe karibu na bandari, kati ya wachuuzi wa mkaa. Ilikuwa siku mbaya. Je, boti ile ilizama? Hapana. Ilifika Idjwi salama na kurudi salama, na yule jirani alituletea ananasi, akatucheka mwaka mzima. Hata baba, kwa miezi kadhaa, aliamini kwamba tulipoteza fedha bure. Ni mwezi wa Aprili 2019, siku ile habari ya Kalehe ilipotangazwa redioni, alipozima redio, akaenda jikoni, akakaa karibu na mama bila kusema kitu.

Baadaye tulikwenda Idjwi, naam. Tulichagua chombo kikubwa, tukalipa zaidi, tukaondoka alfajiri wakati maji yametulia, na kila mtoto alivaa jile iliyomfika magotini. Babu hakukubali kuvaa. Mama alimwambia, «Basi ubebe, babu.» Akaibeba kifuani mpaka tulipofika, kwa mikono miwili, kama mzigo wa mtu mwingine.