Namba za zone ya afya: kwa nini zinachelewa, na kwa nini zingine zinapotea

Karatasi ya ripoti ya mwezi inatoka kituo cha afya kwa pikipiki, inafika ofisi kuu ya zone, iwe Kasongo ao Kabambare, na pale mtu anakaa mbele ya ordinateri kuandika upya namba moja moja. Programu yenyewe inaitwa DHIS2. Ilianzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norway, na Congo yetu inaitumia tangu miaka ya 2010. Malalamiko ni yale yale: iko polepole. Rezo ina lawama kubwa. Ila kuna jambo lingine ambalo watu hawalisemi sana, nalo ni namna programu inageuza maandishi kuwa namba.

Ukiandika 45 ndani ya kisanduku, kwako ni watoto 45 waliopata chanjo ya surua. Kwa intaneti ni alama mbili tu, 4 na 5, sawa na herufi za jina. Serveri ikizipokea, lazima izifunge na mahali pake (chanjo gani, kituo gani, mwezi gani), kisha izigeuze kuwa namba ao izikatae. DHIS2 imejengwa kwa lugha ya Java, juu ya msingi unaoitwa Spring. Zamani vigeuzi vya Spring havikuweza kuhudumia fomu mbili kwa wakati mmoja bila kuchanganya, basi kila fomu ilitengenezewa vyake. Tangu toleo la 3, mwaka 2009, kigeuzi kimoja kinatumikia fomu zote.

Faida iko, lakini tusidanganyane: kugeuza namba moja ni kazi ndogo sana, hata sekunde ukiigawa mara elfu haifiki. Baadhi ya setilaiti za intaneti ziko kilomita karibu elfu 36 juu yetu, na kwa hizo ujumbe kwenda na kurudi unakula nusu sekunde. Na DHIS2 inatuma kila kisanduku mara unapokiacha. Kikibadilika kijani, kimehifadhiwa. Rezo ikikatika, namba zinabaki ndani ya ordinateri na kungoja. Kwa hiyo hasara kubwa inatoka pale kigeuzi kinapokosea ao kinapokataa, juu mtu anarudia kazi.

Siye tulisoma kwa Kifaransa. Tunaandika kilo 3,5 kwa koma. Java inataka nukta, na koma inakataliwa. Hiyo inachosha, lakini si mbaya: umeona kosa, unarekebisha. Mbaya ni ile ya kimya. Tuseme zone imepokea vyandarua elfu moja mia mbili na mwandishi anaandika 1.200, kama vile wengi wanafanya kwenye daftari. Kisanduku kikitegwa kupokea namba nzima tu, kitakataa. Kikiruhusu namba yenye sehemu, kitasoma moja na nukta mbili, na hakuna atakayepiga kelele. Kwa maoni yetu, kigeuzi kikali ni bora kuliko chepesi, hata kikichelewesha.

Kisha kuna sifuri. Kituo kikiandika 0 kwa wagonjwa wa surua, kinasema: tuliangalia, hakuna. Kisanduku kitupu kinasema: hatujui. Katika DHIS2, sifuri haihifadhiwi isipokuwa wasimamizi wameamuru kwamba kwa swali lile sifuri ina maana. Wasipoamuru, majibu yale mawili yanafanana. Kasongo inajua uzito wa hesabu hizi: mwaka 1981 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti wa timu ya mradi wa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Utafiti kama ule hauwezekani kama hujui nani alihesabiwa na nani hakuhesabiwa.

Jambo la mwisho linawashangaza wengi. Ndani ya hifadhi ya DHIS2, hata 45 yako inalala kama maandishi. Kugeuza kwa jumla, ili michoro na hesabu za mkoa zitoke, kwa kawaida kunafanyika usiku, wakati serveri haina watu wengi. Ndiyo maana umerekebisha namba asubuhi na mchoro bado unaonyesha ile ya zamani. Kabla ya kupiga simu Kindu kusema kazi imepotea, angalia tena kesho yake.