Sanamu Mbele ya Wazee: Bristol, Hamburg na Lugalo

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Morogoro, mwendo mfupi tu wa gari, utafika Lugalo, na hapo upo mnara wa mawe uliojengwa na Wajerumani. Unamkumbuka kamanda wao, Emil von Zelewski, na wenzake, waliouawa na jeshi la Mkwawa, Mtwa (mtawala) wa Wahehe, tarehe 17 Agosti 1891. Huyu ndiye Zelewski aliyewachokoza watu wa Pangani mwaka 1888 mpaka vita vya Abushiri vikalipuka, ndiye ambaye wenyeji walimbandika jina la Nyundo. Alikuja Uhehe akidhani kazi itakuwa nyepesi. Alifia Lugalo pamoja na Wazungu 9 na askari wao zaidi ya 200, na simulizi za Wahehe zinasema mkuki uliommaliza ulikuwa wa kijana mdogo.

Mnara wa adui, basi, umesimama kwenye ardhi ya walioshinda siku ile. Mtu akiamka kesho na nyundo akaubomoa, nani amhukumu, na kwa kipimo gani?

Swali hilo liliulizwa Bristol, Uingereza, na jibu lake likaigawa nchi ile. Tarehe 7 Juni 2020, siku 13 baada ya George Floyd kuuawa huko Marekani, waandamanaji waliifunga kamba sanamu ya Edward Colston, wakaiangusha, wakaiburuza mpaka bandarini na kuitosa majini. Colston, aliyezaliwa mwaka 1636 na kufa mwaka 1721, alikuwa kigogo wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika. Katika miaka aliyokuwa humo, kampuni ile ilisafirisha Waafrika wapatao 84,000 kwenda utumwani, na yapata 19,000 kati yao walifia baharini. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 1895, wakati mwenyewe ameshalala kaburini zaidi ya karne moja na nusu, nayo ilimsifu kwa ukarimu wake kwa mji.

Watu wanne walishtakiwa kwa kuharibu mali. Hawakukana walichofanya, na picha za video zilikuwapo. Mawakili wao walisema sanamu yenyewe ilikuwa tusi la hadharani, kwamba washtakiwa waliamini kwa dhati wananchi wa Bristol, wenye mali, wangeridhia, na kwamba kuwatia hatiani kungekuwa kuminya haki yao ya kutoa maoni kupita kiasi. Upande wa mashtaka ukajibu kwamba wema au ubaya wa Colston hauhusiki, sheria ya mali ni sheria ya mali. Tarehe 5 Januari 2022 juri, yaani raia 12 waliookotwa kwenye daftari la wapiga kura, waliwaona washtakiwa hawana hatia. Kumi na mmoja walikubaliana, mmoja akapinga.

Kelele zikaanza. Mawaziri walilalamika kwamba sasa kila kundi lenye hasira litajiona limepewa ruhusa. Wengine walishangilia kwamba hatimaye raia wa kawaida wamesema kile ambacho halmashauri ya mji ilishindwa kusema. Na ni kweli ilishindwa. Kwa miaka mingi watu wa Bristol walidai angalau kibao cha pili kiwekwe pale kueleza biashara ya Colston. Mwaka 2018 maneno yakaandikwa, yakapunguzwa makali, yakabishaniwa, na mwaka 2019 meya akausimamisha mpango mzima. Anayewalaumu walioshika kamba aanze na miaka hiyo.

Mwanasheria Mkuu, Suella Braverman, alipeleka hoja ya kisheria Mahakama ya Rufani. Tarehe 28 Septemba 2022 mahakama hiyo ikasema uharibifu mkubwa wa namna ile haulindwi na mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya. Uamuzi wa juri, hata hivyo, haukuguswa. Mwaka huohuo Bunge lao lilikuwa limeshapitisha sheria inayoruhusu kifungo cha hadi miaka 10 kwa kuharibu kumbukumbu ya umma, hata thamani ya uharibifu ikiwa ndogo.

Naona juri ile ilitenda haki. Lakini iliitenda ikiwa imefunga mdomo, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoishangilia. Katika hoja zile za utetezi, ipi iliwagusa wale 11? Hakuna ajuaye, na sheria ya Uingereza inakataza kuwauliza. Kwa hiyo kila upande umejaza ukimya ule kwa maneno yake: huyu anasema raia wameukataa utumwa, yule anasema wamepotoshwa na mawakili wenye ulimi mtamu. Hukumu iliyopaswa kuufunga mjadala imewaachia kiti kitupu cha kugombania.

Ukimya huo una historia ya heshima, lazima tukiri. Mwaka 1670, huko London, Edward Bushell na wenzake kwenye juri waligoma kuwatia hatiani William Penn na William Mead, waliokuwa wameshtakiwa kwa kuhubiri mtaani. Wanajuri walinyimwa chakula, wakatozwa faini, Bushell akawekwa ndani. Jaji Mkuu Vaughan akaamua kwamba mwanajuri haadhibiwi kwa uamuzi wake. Tangu hapo, kutotoa sababu kumekuwa ngao ya raia mbele ya serikali.

Ngao hiyo ilipovushwa bahari kuja kwetu, ilimkinga mtu mwingine. Katika Kenya ya ukoloni, kuhukumiwa na juri kulikuwa haki ya Mzungu peke yake, na waliokaa kwenye juri hiyo walikuwa Wazungu wenzake. Mwaka 1923 mfanyakazi wa shamba aitwaye Kitosh alitumwa kumpeleka farasi jike, akampanda badala ya kumwongoza kwa miguu. Bwana shamba, Jasper Abraham, akampiga, akamfunga kamba na kumtupa stoo, na usiku ule Kitosh akafa. Kesi ilisikilizwa Nakuru. Juri ya walowezi haikuona mauaji, iliona kosa la kujeruhi vibaya tu. Abraham akapewa miaka miwili. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba juri ni sauti ya wananchi, humuuliza kwanza ni wananchi gani, na kama wako tayari kusema walichofikiri mbele ya mama wa marehemu.

Tanganyika haikupewa juri. Ilipewa wazee wa baraza. Asili yake haina utukufu: mkoloni alihitaji wenyeji wa kumweleza jaji mgeni mila za watu anaowahukumu, akiwa huru kuwasikiliza au kuwapuuza. Lakini kitu kilichoingia kwa mlango huo kiliwakuta watu waliozoea baraza. Mtwa wa Uhehe alikuwa na wanzagila wake waliosikiliza mashauri huko walikowekwa, na shauri la namna hiyo lilizungumzwa wazi, watu wakiwapo. Ndiyo maana wazee wa baraza walidumu hata mkoloni alipoondoka.

Tazama walivyofanya kazi. Mahakama Kuu, kwenye kesi ya mauaji, jaji alikaa na wazee wasiopungua wawili. Ushahidi ukiisha aliwajumlishia kesi, kisha akamgeukia kila mmoja, na kila mmoja akatoa maoni yake kwa mdomo mbele ya mshtakiwa, mawakili na ndugu waliojaa kwenye mabenchi. Maoni yakaandikwa kwenye mwenendo wa kesi. Jaji hakufungwa nayo, lakini akienda kinyume ilimpasa aeleze kwa nini. Mahakama ya mwanzo ilikwenda mbali zaidi. Huko, kwa miaka mingi, wazee walipiga kura pamoja na hakimu, na penye wengi ndipo penye uamuzi. Na kosa la kuharibu mali ni la kawaida kabisa kwenye mahakama za mwanzo. Mvunja mnara wa Lugalo angeweza kabisa kusimama mbele ya wazee wa Iringa kutoka Mlandege au Kihesa, si mbele ya jaji mwenye joho.

Sasa ihamishie kesi ya Bristol hapo. Mzee wa kwanza angelazimika kufumbua mdomo. Labda angesema: sanamu ilimsifu mfanyabiashara wa watu, na wajukuu wa waliouzwa wanapita chini yake wakienda kazini, jambo hilo lilipaswa kuondolewa na serikali, serikali ikakawia, hawa vijana nawaachia. Mzee wa pili labda angesema: mali ya mji ni ya mji, walipe gharama, lakini wasifungwe. Hakimu angeandika yote mawili. Mtu wa Bristol asiyekubali angekuwa na sentensi ya kupinga, na aliyekubali angekuwa na sentensi ya kuitetea. Mjadala ungekuwa na mahali pa kuanzia.

Ujerumani wamepita njia ya tatu. Waliifuta juri mwaka 1924. Raia huketi pamoja na majaji na kupiga kura pamoja nao, na hukumu huandikwa ikiwa na sababu zake. Lakini sanamu ninayotaka kuizungumzia haikumalizwa na hukumu yoyote ya mahakama, nayo ilitoka kwetu.

Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann Dar es Salaam, yule aliyetumwa kuvizima vita vya Abushiri na ambaye Zelewski alitumikia chini yake. Wissmann yuko juu, kifua mbele, macho mbali. Chini yake askari Mwafrika amemwinulia uso huku akimfunika bendera ya Ujerumani simba anayekata roho. Sina haja ya kumweleza mtu wa Iringa simba yule ni nani. Waingereza walipouteka mji waliing'oa sanamu hiyo na kuipeleka London kama nyara, kisha ikarudishwa kwa Wajerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967. Ikasimamishwa tena. Wakaiangusha tena mwaka 1968, na safari hii mji haukuirudisha. Kati ya mwaka 2004 na 2005 msanii Jokinen aliitoa ghalani, na majeraha yake yote, akaiweka karibu na bandari kwa zaidi ya mwaka, watu wakaalikwa kusema ifanywe nini. Hilo lilikuwa baraza, ingawa lilichelewa miaka 36. Kasoro yake kubwa naiona katika jambo moja: Pangani na Kalenga, makao ya Mkwawa, zilipaswa kuketi mstari wa mbele, kwa kuwa simba wa kwenye sanamu ile ni wao.

Na sisi tumezoea kutoulizwa. Waingereza hawakumuuliza mtu walipomng'oa Wissmann, wala walipoweka sanamu yao ya Askari mwaka 1927, ile iliyopo mpaka leo Mtaa wa Samora. Hata fuvu la Mkwawa, ambalo Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, lilikuja baada ya miaka 35, gavana Edward Twining akiwa amelichagua mwenyewe kati ya mafuvu ya makumbusho ya Bremen kwa kupima vipimo. Alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa tarehe 19 Juni 1954. Liko pale ndani ya kisanduku cha kioo, dogo kuliko jina lake, na watoto wa shule hulisogelea mpaka pumzi zao zinaacha ukungu kwenye kioo.

Hapo ndipo Lugalo inapopata maana. Mjadala huu ukiupeleka kijiweni Mlandege, atakuwapo wa kusema mnara wa Wajerumani ubomolewe kama Colston alivyobomolewa. Mimi nitampinga. Colston alisimamishwa na matajiri wa mji wake ili asifiwe, na waliodhulumiwa na kazi yake hawakuwa na sauti pale. Mnara wa Lugalo, aliyeujenga alitaka kuomboleza watu wake, lakini kwa kufanya hivyo ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alishindwa hapa. Jeshi letu lililielewa hilo, likaiita kambi yake kubwa ya Dar es Salaam Lugalo. Mnara unaokiri kipigo cha mvamizi hauhitaji nyundo, unahitaji jirani: majina na simulizi za Wahehe waliopigana siku ile, kwa Kihehe na Kiswahili, karibu na yale ya Wajerumani.

Huenda nimekosea, na mzee mwingine wa Mlandege akanikosoa kwa hoja nzito kuliko yangu. Ninachokitaka ni hicho hasa, kwamba atoe hoja. Tofauti kati ya sanamu inayomsifu mwuza watu na mnara unaoomboleza walioshindwa haiwezi kuonekana katika neno "hana hatia" peke yake.

Ndiyo sababu mabadiliko ya mwaka 2022 yananiuma. Mwaka huo Tanzania ilirekebisha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na wazee wa baraza hawakuwa tena lazima Mahakama Kuu. Jaji huwaita akiona haki inawahitaji. Sababu zilieleweka, maana rufaa nyingi zilikuwa zikivuruga kesi kwa kuwa tu wazee hawakuelekezwa vizuri. Ila dawa ya wazee wasioelekezwa ilikuwa kuwaelekeza.

Mlango bado haujafungwa. Kesi ya mnara, kaburi, mti wa matambiko au sanamu ikija mbele ya jaji wa Iringa au Mbeya, namwomba aitumie nafasi aliyoachiwa na sheria: awaite wazee, amuulize kila mmoja kwa jina lake, na aandike walichosema.