Dripu ilianzia wapi?

MTANGAZAJI: Leo tunafuata historia ya dripu, au serumu kama tunavyoiita wengi wetu tuliotoka Kongo.

Mwaka 1832 kipindupindu kilikuwa kinaua watu mjini Leith, Scotland. Daktari Thomas Latta alielewa kwamba wagonjwa wanakauka: wanapoteza maji na chumvi mpaka damu inakuwa nzito. Alimchukua bibi mzee ambaye hakuna aliyemtarajia kupona, akaingiza mrija mdogo wa fedha kwenye mshipa wake, akaanza kumpa maji ya chumvi. Kwa nusu saa yaliingia zaidi ya lita tatu. Mapigo yakarudi, uso ukachangamka, bibi akaanza hata kutania, akasema anachohitaji ni usingizi tu. Latta, akiwa amechoka, akamwachia daktari mwingine. Kuhara na kutapika vikarudi, maji hayakuongezwa, na baada ya saa tano na nusu bibi alifariki.

Kwangu mimi, habari hii inaonyesha kwamba kutundika chupa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwangalia mgonjwa. Dawa nyingine muuguzi huisukuma mshipani kwa bomba la sindano kwa dakika chache. Nyingine lazima ichanganywe na maji ya dripu na kudondoka taratibu. Potasiamu, kwa mfano, ikisukumwa moja kwa moja inaweza kusimamisha moyo. Watu husema, "Wanatubania dawa, matone hayaendi!" Mwite muuguzi, lakini usiguse kile kigurudumu kwenye mrija. Ndicho kinachodhibiti mwendo.

Sasa twende mwaka 1971. Vita viliwakimbiza mamilioni ya watu kutoka nchi inayoitwa leo Bangladesh, wakaingia India. Katika mji wa Bangaon, mpakani, kipindupindu kiliingia kwa wakimbizi. Wagonjwa walilala sakafuni, na dripu zilikuwa zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kitu ambacho madaktari wengi wa wakati ule hawakukiamini. Chumvi, magadi ya kupikia na glukosi, ambayo ni aina ya sukari, vilipimwa na kufungwa katika mifuko ya plastiki, kisha vikakorogwa kwenye maji ya kunywa. Glukosi inapopita kwenye utumbo huivuta chumvi, na maji hufuata. Kwa hiyo mgonjwa anaharisha, lakini bado maji yanaingia mwilini. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4 kwa wale aliowatibu.

Waliowanywesha wengi wao hawakuwa wauguzi. Walikuwa ndugu zao, wakimbizi wenyewe, wameshika vikombe. Dripu waliwekewa waliozidiwa hadi kushindwa kunywa, na hata leo zahanati hufuata utaratibu huo: anayeweza kunywa hupewa ORS, aliyelegea au kupoteza fahamu hutafutiwa mshipa haraka.