Kujitenga na Haki ya Mtoto: Hoja ya Filamu Leave No Trace

Katika filamu Leave No Trace (2018), ambayo Debra Granik aliijenga juu ya riwaya ya Peter Rock, Will na bintiye Tom, mwenye miaka 13, wanaishi kwa siri katika Forest Park, msitu wa zaidi ya ekari 5,000 ndani ya jiji la Portland, Marekani. Will ni mwanajeshi wa zamani ambaye vita vilimwacha na jeraha la akili. Ni rahisi kuitazama filamu hii kama sifa kwa maisha yasiyotegemea serikali wala soko, na uzuri wa picha za msitu unaushawishi moyo kuelekea huko. Naona filamu inatetea jambo jingine: kujitenga kwa Will hakukuwa kujitegemea, na mtoto hana wajibu wa kuurithi upweke wa mzazi wake.

Ushahidi umo katika riziki yao. Will huchukua dawa katika hospitali ya wanajeshi wa zamani, kisha, badala ya kuzimeza, huwauzia wenzake waliopiga kambi msituni na kwa fedha hizo hununua chakula dukani. Serikali anayoikimbia ndiyo inayomlisha. Granik hamhukumu kwa hilo. Anaonyesha tu kwamba hata maficho yana mizizi katika jamii, na kwamba jeraha alilolipata Will kwa kuitumikia nchi limegeuka kuwa mtaji wake wa pekee.

Kuna pingamizi zito. Will ni baba mwema, na maofisa wanapowagundua msituni na kumpima Tom, wanamkuta mbele ya watoto wa rika lake kimasomo. Will mwenyewe anahojiwa na kompyuta isiyoweza kumsikiliza, kisha wanapewa nyumba katika shamba la miti ya Krismasi, ambako anadhoofika. Je, hii si hoja dhidi ya mfumo? Ni hoja dhidi ya msaada unaotolewa kwa fomu, wala siikatai. Lakini mtoto anahitaji zaidi ya elimu. Katika shamba hilo Tom anaanza kuwa na marafiki, na Will anamng’oa pale bila kushauriana naye.

Jibu lenye nguvu zaidi linatokea baadaye, katika jimbo la Washington, miongoni mwa watu wanaoishi kwenye karavani msituni. Will anapoumia mguu, anatibiwa na mtu aliyekuwa tabibu jeshini, pasipo polisi wala fomu. Mwenyeji wao, Dale, hutundika mfuko wa chakula mtini kwa ajili ya mtu anayeishi ndani zaidi, asiyetaka kuonekana. Kwa hiyo si kweli kwamba filamu inatulazimisha kuchagua kati ya ofisi na pori. Kuna ujirani unaomlinda mtu bila kumshurutisha, na Tom anautambua kabla ya baba yake. Anapokataa kuondoka naye, hamsaliti. Anadai haki ambayo mapenzi ya mzazi, hata yawe makubwa namna gani, hayana mamlaka ya kuifuta.