Ndege ya kukodi kwa ziara za muziki: inavyofanya kazi na mambo yanayogharimu maisha

Katika vipindi vya burudani huwa tunasema msanii fulani "ametua na ndege yake". Ukweli ni kwamba mara nyingi ndege hiyo si yake. Imekodiwa kwa safari moja, kwa wiki, au kwa ziara nzima. Katika makala haya tunaeleza ndege hizo hukodiwa vipi, zinabeba nini, nani anawajibika zikipata matatizo, na kwa nini baadhi ya wanamuziki wakubwa duniani walipoteza maisha ndani yake.

Kukodi ndege maana yake nini

Ukinunua tiketi ya kawaida, shirika ndilo linalopanga saa na njia, nawe unafuata. Ukikodi, unachukua ndege nzima pamoja na marubani wake, na wewe ndiye unayesema inaondoka lini na inakwenda wapi, ilimradi sheria na hali ya hewa vinaruhusu. Ni tofauti ileile iliyopo kati ya kupanda basi stendi na kukodi basi la kupeleka kwaya kwenye mashindano.

Watu wa aina tatu huhusika. Wa kwanza ni mteja, yaani kampuni inayosimamia ziara ya msanii. Wa pili ni dalali wa ndege, ambaye hutafuta ndege inayofaa na kulinganisha bei. Dalali kwa kawaida hana ndege wala rubani. Wa tatu ni mwendeshaji, yaani kampuni yenye cheti cha kubeba abiria wa kulipia kutoka mamlaka ya usafiri wa anga. Kwa Tanzania mamlaka hiyo ni TCAA, na kwa Kenya ni KCAA. Mwendeshaji ndiye anayewajibika kwa matengenezo, mafuta, uzito na ujuzi wa marubani. Mkumbuke huyu, maana tutarudi kwake.

Kwa nini wasipande ndege za kawaida

Sababu ya kwanza ni muda. Tamasha huisha usiku wa manane, na la kesho liko nchi nyingine ambako huenda hakuna ndege ya moja kwa moja.

Ya pili ni idadi ya watu. Msanii mkubwa husafiri na wapigaji, wacheza dansi, mafundi wa sauti, mafundi wa taa, walinzi na wapishi. Tiketi za kundi zima zikijumlishwa, pamoja na hoteli za kusubiri ndege ya kesho yake, wakati mwingine kukodi hakuachani sana na gharama hiyo.

Ya tatu ni vyombo. Ngoma, magitaa, vikuza sauti na mitambo ya kuchanganya sauti vikipotea njiani, hakuna tamasha.

Mfano wa wazi ni Rihanna. Novemba 2012 alikodi ndege kubwa aina ya Boeing 777 na kufanya matamasha 7 katika nchi 7 kwa siku 7, kuanzia Mexico City, kisha Toronto, Stockholm, Paris, Berlin, London na kumalizia New York. Ndani alipakia pia waandishi wa habari wengi na mashabiki. Kwa ratiba za kawaida za ndege, safari kama hiyo ingekuwa ngumu mno.

Bendi iliyobeba watu na mizigo pamoja

Kisa kinachoeleza vizuri zaidi kazi hii ni cha Iron Maiden, bendi ya roki ya Uingereza. Mwimbaji wake, Bruce Dickinson, alikuwa pia rubani wa ndege za abiria. Mwaka 2008 bendi ilikodi Boeing 757 kutoka shirika alilokuwa akirushia. Viti vya nyuma viliondolewa na sehemu hiyo ikageuzwa kuwa ghala la vyombo. Watu wakakaa mbele, takriban tani 12 za vifaa zikapakiwa, na mwimbaji mwenyewe akawa miongoni mwa marubani.

Walianza Mumbai, India, tarehe 1 Februari 2008, wakapita Australia, Japani na Amerika ya Kusini hadi Toronto, Kanada. Walifanya matamasha 23 kwa siku 45, wakisafiri karibu kilomita 80,000. Faida ilikuwa kwamba waliweza kufika nchi ambazo kwa kawaida zingerukwa, kwa kuwa kusafirisha vyombo peke yake kwa ndege ya mizigo kungekula mapato yote.

Mwaka 2016 walichukua ndege kubwa zaidi, Boeing 747-400, na safari hiyo walifika hadi Afrika Kusini. Lakini Machi mwaka huo, mjini Santiago, Chile, ndege hiyo iligonga gari lililokuwa likiivuta kwenda kujazwa mafuta. Wafanyakazi wawili wa uwanjani waliumia, na injini mbili zikaharibika. Bendi ilibidi itafute usafiri mwingine kwenda Argentina, na ziara iliendelea huku ndege ikitengenezwa. Funzo lake ni kwamba hata mwenye ndege nzuri lazima awe na mpango wa pili.

Ziara nyingi kubwa hazichanganyi watu na mizigo namna hii. Msanii hupanda ndege ndogo ya kifahari, mafundi hupanda ndege za kawaida au mabasi, na vyombo huenda kwa ndege za mizigo, malori au meli. Jukwaa la chuma ni zito mno, kwa hiyo wengine hutengeneza zaidi ya moja. Bendi ya U2, katika ziara yake ya mwaka 2009 hadi 2011, ilikuwa na miundo mitatu ya jukwaa. Mmoja ukitumika, mwingine unajengwa mji unaofuata, na wa tatu uko njiani.

Bei inahesabiwaje

Msingi wa bei ni saa za kuruka, lakini hapo ndipo wengi hudanganyika. Kuna safari tupu: ndege ikikupeleka Lusaka kisha ikarudi kwao bila abiria, unalipia na huko kurudi. Kuna ada ya kutua, ada ya maegesho na ada ya kupita anga la kila nchi. Kuna chakula na malazi ya marubani.

Kwa hiyo dalali akikutajia bei ya saa moja tu, hajakutajia bei. Muulize bei ya safari nzima pamoja na kurudi tupu, na uliza nani analipa ikiwa tamasha litaahirishwa.

Mipaka na vibali

Ndege zenye ratiba maalumu zina makubaliano ya kudumu kati ya nchi na nchi. Ndege ya kukodi mara nyingi huomba kibali cha kupita na cha kutua kwa kila safari. Kibali kikichelewa, ndege haiondoki hata kama uwanja wa mpira umejaa mashabiki.

Pia Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamia usafiri wa anga duniani, unaipa kila nchi haki ya kuikataza ndege ya kigeni kubeba abiria wa kulipia kati ya miji yake yenyewe. Msanii anaweza kuingia nchini na ndege ya nje, kisha akalazimika kukodi ndege ya wenyeji kwenda mji wa pili.

Vyombo navyo vina taratibu zake. Forodha wanataka uhakika kwamba spika zilizoingia zitatoka na hazitauzwa. Nchi nyingi, na kwa Afrika zikiwemo Afrika Kusini, Morocco na Senegal, hukubali hati maalumu iitwayo ATA Carnet, ambayo ni kama pasipoti ya mizigo. Kila kifaa huandikwa humo, na orodha hugongwa muhuri wakati wa kuingia na kutoka. Pale ambapo hati hiyo haitumiki, mwenye mizigo huweka dhamana.

Halafu kuna saa. Viwanja vingine hufungwa usiku. Sydney, Australia, kwa mfano, huzuia ndege nyingi kati ya saa 5 usiku na saa 12 asubuhi. Rubani naye ana kikomo cha saa za kazi. Saa hizo huhesabiwa tangu aliporipoti kazini, hata kama ameketi tu akimsubiri msanii amalize wimbo wa mwisho. Zikiisha, lazima alale.

Uzito hauna urafiki

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa hatari ya kuzidisha mzigo. Ajali za MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, Ziwa Victoria, zilitufundisha kwa misiba. Ndege ni kali zaidi ya meli kwa jambo hili. Haitoshi mzigo kuwa mwepesi, lazima pia upangwe vizuri. Mzigo mzito ukiwekwa nyuma mno, pua ya ndege huinuka na rubani hushindwa kuirudisha.

Tarehe 25 Agosti 2001 mwimbaji Aaliyah wa Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alimaliza kurekodi video visiwani Bahamas. Yeye na wenzake walipanda ndege ndogo aina ya Cessna 402 kurudi Florida. Ilianguka mara tu baada ya kuruka, na watu wote tisa walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilizidi uzito unaoruhusiwa kwa zaidi ya kilo 300, ilikuwa na abiria mmoja zaidi ya inavyopaswa, na rubani hakuwa ameidhinishwa kuirusha.

Kwetu kuna kumbukumbu nyingine ya uzito, iliyoisha salama. Septemba 1974, tamasha kubwa lilifanyika Kinshasa, wakati Congo ikiitwa Zaire, kuelekea pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Wanamuziki kama James Brown, B.B. King, Bill Withers na Celia Cruz walipelekwa kwa ndege ya kukodi. Waandaaji wamesimulia jinsi wingi wa vyombo vya James Brown ulivyowatia hofu kabla ya kuondoka.

Mkataba unasema mwendeshaji ni nani?

Tarehe 20 Oktoba 1977, ndege ya kukodi iliyobeba bendi ya Lynyrd Skynyrd ya Marekani iliishiwa mafuta na kuanguka msituni Mississippi. Walikufa watu sita, akiwemo mwimbaji Ronnie Van Zant. Wachunguzi waliposoma karatasi waligundua kwamba mkataba wa kukodi uliitaja kampuni ya bendi kuwa ndiyo mwendeshaji. Yaani wanamuziki, kwa saini, walikuwa wamebebeshwa jukumu la usalama wa ndege ambayo hawakuwa na ujuzi nayo.

Hatari nyingine ni ndege za vichochoroni, ambapo mtu mwenye leseni ya kuruka kwa shughuli zake binafsi hulipwa kubeba watu. Wapenda soka wanamkumbuka Emiliano Sala, aliyefariki Januari 2019 akitoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff. Rubani wake hakuwa na leseni ya kubeba abiria wa kulipia. Aliyepanga safari hiyo alihukumiwa kifungo.

Ukipewa kazi ya kupanga safari

Huenda wewe si meneja wa msanii. Lakini vikundi vya ngoma, kwaya na bendi kutoka vijijini hualikwa mbali, na siku moja mwenyeji anaweza kusema, "Tutawatumia ndege." Uliza maswali haya kabla ya kukubali:

1. Mwendeshaji ni kampuni gani, na cheti chake cha kubeba abiria wa kulipia kiko wapi? Mamlaka ya anga ya nchi yenu inaweza kuthibitisha.
2. Mkataba unamtaja nani kuwa mwendeshaji? Kama ni ninyi, msisaini.
3. Marubani ni wangapi, na wameidhinishwa kwa aina hiyo ya ndege?
4. Watu na vyombo vimepimwa kwa mizani, au vimekadiriwa kwa macho?
5. Bima inawahusu abiria wote, hata mbeba spika?
6. Ndege ikiharibika au hali ya hewa ikichafuka, mpango wa pili ni upi?

Na rubani akisema spika mbili zibaki, au safari isubiri kesho, msimbembeleze. Msimwambie mashabiki wanangoja. Tamasha linaweza kuahirishwa, nasi tutalitangaza upya hapa redioni.